Nilimwambia Ngao Amesafiri

Mwamini mwanangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha cherehani, na huko uani nakusikia ukibishana na mama yako kuhusu dumu la mawese. Yeye anataka uende na la lita tano, wewe unasema behewa zima litanuka. Mtamalizana wenyewe. Ya dumu, ya sweta, ya kumpigia shangazi yako ukifika, mimi sina neno nayo. Langu ni moja tu, na nimelikalia tangu ukiwa darasa la tano.

Wiki iliyopita ulinionyesha kwenye simu ule mchezo ulioutengeneza, ule uliokupatia nafasi kwa wale watengenezaji wa Dar es Salaam. Mtu mwenye mabega mapana anasimama kwenye lango la mji na ngao yake, watu wanakimbilia nyuma yake. Ukaniambia, "Baba, huyu ni wewe. Nimewaeleza na wao kwamba nimekua nasikia habari za Ngao, ndiyo maana nikaipenda kazi hii." Nikacheka. Ukadhani nimefurahi. Kumbe nilipotoka nje kuangalia kuku sikuwa naangalia kuku.

Sitaki uondoke kesho ukiendelea kumchonga mtu huyo ukidhani ni baba yako. Soma kwanza.

Wewe ulikua ukanikuta tayari nacheza. Nilikuwa na chumba cha kushonea kule Gungu, ukuta mmoja na intaneti kafe ya Bi Siwema, yule mjane mwenye sauti ya mnadani. Siku moja mteja wake aliondoka muda wake haujaisha, Bi Siwema akanigongea ukuta: "Fundi, njoo umalizie dakika hizi, zisije zikaoza." Nikaenda na futi yangu shingoni. Kwenye kioo kulikuwa na ufukwe, na mtu amesimama. Nilipobonyeza, akatembea. Zilikuwa dakika kumi na mbili, nami nikakaa miaka tisa.

Watu wanadhani gemu la namna ile ni kuua majoka. Majoka yalikuwepo, lakini ukienda peke yako unakufa palepale mlangoni. Lazima uwe na wenzako, na kila mmoja awe na kazi yake. Mmoja anapiga mishale kutoka mbali. Mmoja ni tabibu, anakaa nyuma na kuwatibu wenzake wakiumia. Na mmoja anatangulia na ngao, adui wote wampige yeye ili wengine wapone. Hiyo kazi hawaipendi wengi, maana ukikosea unaua kundi zima. Mimi nikaipenda. Nilikuwa fundi nguo wa darasa la saba, mchana kutwa naambiwa suruali inabana, shati limepotea kifungo. Kule watu walikuwa wananiambia, "Ngao, tangulia."

Bi Siwema alikuwa ananichamba kila siku. "Fundi! Mwenye suruali yuko mlangoni, kajifunga kanga ya mkewe, anasubiri. Nimwambie unapigana na joka?"

"Mwambie joka limebaki kidogo."

"Yeye kabaki bila suruali kabisa!"

Tulikuwa na chama chetu, Watu wa Ziwa. Tulikuwa kama kumi na wawili, wa Kigoma, wa Bujumbura, wa Uvira, wa Kalemie, tumelizunguka ziwa moja, ila tunakutana kwenye ziwa la kuchorwa. Tulikuwa tunaandikiana Kiswahili, na mtu akikasirika anaandika Kirundi, nami kwa Kiha changu nikawa namwelewa hata matusi. Chama kilikuwa na sharti moja, nami ni mmoja wa tuliolipitisha: hatuulizani jina la nyumbani, wala kilima mtu alichozaliwa. Unajua kwa nini. Kwa watu wa ng'ambo ile, jina la baba na jina la kilima vilitosha kumjua mtu ni wa upande gani, na kulikuwa na watu waliokufa kwa kujulikana hivyo. Tukasema humu kila mtu ni jina alilojipa, basi. Lilikuwa sharti la huruma. Likumbuke hilo sharti, maana ndilo lililokuja kunifunga.

Tabibu wetu alikuwa anajiita Inyenyeri, yaani nyota. Miaka minne alikaa nyuma yangu. Sikuwahi kumwona, lakini nilijua pumzi yake, kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani gizani. Kabla sijaumia alikuwa ameshaniona nitaumia. Aliniita Mukuru, yaani mkubwa, kwa heshima, ingawa hakujua umri wangu. Nikiaga kwenda kusali Alasiri alikuwa anaandika, "Nenda, mimi nitakaa na mwili wako." Maana mtu wako ukimwacha pale amesimama, wanyama wa mchezoni wanaweza kumla. Nilikuwa nakwenda msikitini, narudi, namkuta amekaa pembeni yangu, hajanyanyuka.

Halafu ukaja ule mwaka watu walipovuka ziwa wakikimbia machafuko ya kwao. Wewe ulikuwa mdogo, lakini utakuwa unakumbuka watu walivyojaa mjini na vyombo vyao vichwani, na mama yako akitoa mashuka. Inyenyeri akapotea. Miezi mitano sikumwona. Nilikuwa nakwenda bandarini jioni naangalia nyuso, naangalia tu, maana sikujua natafuta uso gani.

Siku moja akaingia. Mtu wake anatembea kwa kukwamakwama, hatua mbili anasimama. Akaandika: "Amahoro, Mukuru. Niko kambini, huku kwenu Tanzania. Nacheza kwa simu. Mtandao uko juu ya kilima, nimepanda." Nikalia pale kwa Bi Siwema, akadhani nimefiwa, akaniletea maji.

Tangu hapo tulicheza kwa kufuata chaji yake. Hatukuwa tunapigana tena sana, simu yake haikuweza. Tulikuwa tunakaa kwenye ufukwe wa mchezoni tunazungumza. Alikuwa ananiambia habari za foleni ya mahindi, za mvua kuingia hemani. Nami namwambia ya kwangu, ila ya ufundi nguo sikuwahi kumgusia, kule nilitaka kubaki Ngao. Kuna mambo ya moyoni nilimwambia yeye ambayo mama yako hajayasikia, na si kwa sababu simwamini mama yako. Ni rahisi kusema na mtu asiyeona unavyoinamisha kichwa.

Wakati huohuo gemu lilikuwa linabadilika. Wenyewe waliotengeneza, wako huko mbali, walianza kuuza ngao. Ngao yangu niliipata kwa miaka miwili, chuma kwa chuma. Akaja mtoto wa jana na nzuri kuliko yangu, kainunua asubuhi. Wakaleta na masanduku ya bahati: unalipa, unafungua, hujui utakuta nini. Nilifungua kadhaa. Nikaenda kumuuliza sheikh wetu wa Rusimbi, nikamzungushia maneno weee, akanisikiliza, akasema, "Fundi, unatoa hela hujui utapata nini, na kukosa kwako ndiyo faida ya mwenzako. Mimi uniulize nini tena?" Nikaacha.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa dogo. Gemu lilikuwa linatoa zawadi kila siku ukiingia, na ukiruka siku moja unaanza upya kuhesabu. Nilifika siku mia tatu na kitu bila kuruka. Nikajipongeza. Kisha nikajiuliza, Sadiki, Alfajiri ngapi umeruka katika siku hizo hizo? Huko uendako utakaa meza moja na watu wanaopanga hizo zawadi. Siwasemi vibaya, nao wana watoto wa kulisha. Nakueleza tu upande huu wa kioo nilivyoonekana.

Ikaja barua kwamba gemu linafungwa. Wachezaji wamepungua, wametoa jipya linaloingiza zaidi. Wakatupa wiki mbili, na siku ya mwisho saa moja jioni kwa saa zetu. Wengine wakatukana, wengine wakaondoka kimya. Inyenyeri akaniandikia maneno haya, nayakumbuka yote: "Mukuru, nimepata kibali cha kuja hospitali mjini Kigoma. Kinakwisha siku moja kabla. Nitaiba siku hiyo moja. Dunia yetu isiishe mimi nikiwa peke yangu kilimani. Tukae kwenye kompyuta mbili, ubavu kwa ubavu. Ni wapi?"

Nikamjibu: Gungu, kafe ya Bi Siwema. Karibu sana. Utalala kwangu.

Nikamwambia mama yako tuna mgeni. Hakuuliza mgeni gani, unamjua. Alikwenda mwaloni mwenyewe, kwa wavuvi, kuchagua samaki, mgebuka, akatandika kitanda cha sebuleni, akasema maji ya kuoga ya mgeni yasiguswe. Wewe ulifagia mpaka barabarani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Siku mbili kabla, mwenyekiti wa mtaa wetu pale Kasingirima alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa mtu mpole, hakutisha. Alisema tu, "Jamani, mwenye mgeni wa kutoka kambini asiye na kibali amlete aandikwe, tusije tukasumbuliwa wote." Kutoka hapo sikulala vizuri. Kibali cha Inyenyeri kitakuwa kimekwisha. Nikaanza kuwaza cherehani yangu, chumba changu, ninyi. Nikawaza kwamba hata mimi bibi yangu alizaliwa ng'ambo, na kuna jirani anayelijua hilo. Woga ukishapata mlango mmoja unafungua wenyewe mingine.

Alifika saa nane mchana. Nilikuwa nje ya chumba changu na cherehani kwenye baraza, hatua tatu tu kutoka mlango wa kafe. Mwanamume wa rika langu, mwembamba, miwani imefungwa uzi kwenye sikio, shati safi limechanika bega. Mwalimu, utamjua tu kwa alivyoshika daftari. Akamwamkia Bi Siwema, akasema, "Mama, namtafuta mtu anaitwa Ngao."

Bi Siwema akageuka akaniangalia. Alikuwa anatabasamu, tayari kunichamba. Nikamtikisia kichwa. Tabasamu likabaki usoni mwake halina kazi.

Nikasema mimi, kwa mdomo wangu huu: "Ngao? Hayupo. Amesafiri, kaenda Kasulu."

"Kasulu?" Akafikiri kidogo. "Atakuwa ameitwa kwa jambo kubwa. Yule si mtu wa kukimbia. Basi nitamsubiri, ndugu yangu, huenda akawahi."

Akakaa kwenye benchi langu. Kwangu, Mwamini! Akaliona bega lake mwenyewe likichungulia, akacheka, akaniuliza kama naweza kulishika. Akavua shati, akabaki na fulana, nikalishona. Sijawahi kushona polepole vile. Akanieleza habari za Ngao nikiwa nashona: alivyowahi kubaki nyuma peke yake wenzake wote watoke pangoni, alivyo mcha Mungu, anavyompenda binti yake aliyejifunza kuhesabu kwa vifungo. Binti mwenyewe ni wewe. Nilikata uzi kwa meno, nikamrudishia. Akataka kulipa, nikakataa. Akasema, "Urakoze cane. Watu wa hapa mna roho nzuri."

Saa kumi na moja akaingia ndani kwenye kompyuta. Mimi nikabaki barazani, nikatoa simu, nikaingia na Ngao.

Tukakutana ufukweni kule. Ukuta mmoja ulikuwa kati yetu, nasikia vidole vyake kwenye kibodi. Akaandika, "Mukuru! Uko wapi? Niko kwa Bi Siwema." Nikaandika, "Kasulu. Nimepatwa na dharura. Nisamehe." Akaandika, "Ntakibazo, hakuna shida. Umefika, inatosha." Wengine wa chama wakaja, sita hivi, tukakaa mstari mmoja tukilitazama ziwa. Hakuna aliyesema neno la maana. Mmoja wa Uvira alikuwa anarusha fataki zake zote ili zisibaki. Saa moja kamili, wote tukasimama kama picha, maji yakaacha kutembea, kioo kikawa cheupe.

Akatoka. Adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza. Alifuta miwani, akaniambia, "Fundi, ukimwona Ngao, mwambie nilifika." Nikasema nitamwambia. Akashuka barabarani kwa miguu, wale wa bodaboda wakimwita, akikataa kwa mkono. Nikaangalia bega nililolishona mpaka likapotea.

Bi Siwema alifunga kafe mapema. Aliponipita alisema tu, "Leo ungeniruhusu nikutukane ingekuwa afadhali."

Nyumbani mliniuliza. Wewe ndiwe uliyeuliza, ukiwa umekaa mlangoni na nguo ya sikukuu: "Baba, mgeni wako yuko wapi?" Nikakwambia, "Hakufika." Mkala chakula chake. Wewe ulipewa kichwa cha mgebuka, ukafurahi.

Alilala wapi usiku ule, sijui. Kama alikamatwa njiani, sijui. Kama alifika kambini salama akapanda tena kile kilima na kukuta hakuna kitu, hilo ndilo ninaloliona kila siku.

Miezi miwili nikavumilia, kisha nikapanda basi kwenda kambini. Langoni nikamkuta kijana wa kuandikisha. "Unamtafuta nani, mzee?" Nikasema, "Inyenyeri." "Inyenyeri wa nani? Jina la baba?" Sijui. "Kilima?" Sijui. "Ameingia mwaka gani, na familia ya watu wangapi?" Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Mzee anatafuta nyota mchana!" Kijana hakucheka. Aliniambia kwa upole, "Mzee wangu, humu watu ni wengi kuliko mji wenu. Bila jina siwezi kukusaidia." Miaka minne, mwanangu. Nilijua anapenda ndizi za kukaanga, nilijua mkewe alikufa akijifungua, nilijua ananyamaza mvua ikianza. Jina sikulijua, kwa sharti nililolipitisha mwenyewe.

Tangu hapo nimejaribu magemu mengine. Mazuri, ya kung'aa. Lakini siku hizi ukitaka wenzako unabonyeza kitufe kimoja, mashine inakutafutia watu wanne, mnapigana dakika kumi bila salamu, mnatawanyika. Zamani ilibidi usimame kwenye lango la mji uite, "Jamani, natafuta tabibu," nusu saa nzima, na katika kuita huko ndiko watu walikojuana. Waliotengeneza waliona kusubiri ni kasoro, wakaondoa kusubiri kwenyewe. Nadhani walikusudia wema. Lakini mimi naingia mji una watu elfu na hakuna anayejua kama nimeingia. Nacheza kidogo, nazima, nawasha cherehani.

Nimetubu kwa Mwenyezi Mungu, na Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Ila tumefundishwa kwamba haki ya mja hudaiwa na mja mwenyewe. Sijda zangu haziwezi kusema kwa niaba ya mtu niliyemwacha aende. Kila Ijumaa namwombea. Nikifika mahali pa kutaja jina, nanyamaza kidogo, kisha naendelea.

Sikwambii umfute mtu wako wa langoni. Watu wanamhitaji, hata mimi nilimhitaji. Ila kama lazima awe mimi, mpe siku moja anayokuwa hatua tatu kutoka kwa rafiki yake na asinyanyuke. Mchezaji aione. Wapo watakaoijua.

Mama yako nilimwambia jana. Alichambua mchele wote, kisha akasema, "Yule mgebuka nilimchagua mimi mwenyewe."

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii kwenye mfuko wa begi lako uikute treni imeshapita Uvinza. Nimeona hiyo nayo ni kusema nimesafiri. Sasa naikunja, nakuja hapo uani nikupe mkononi. Nitakaa kwenye mkeka mbele yako mpaka uimalize, na ukinyanyua macho utanikuta.

Baba yako